Mkono wa karani: Walter Scott, mshairi aliyekuwa mwanasheria

Habari za jioni wazee wangu, kaka zangu na dada zangu, na nyie wadogo zangu mnaosoma sheria mliojazana kule nyuma, sogeeni mbele viti vipo. Nimeombwa niongee juu ya mtu mmoja tu, nichague mwenyewe, nikamchagua Walter Scott wa Edinburgh, kwa sababu kila nikikaa na vijana wanaoandika mashairi nasikia swali lile lile, nifanye sheria niache ushairi au nifanye ushairi nife njaa. Huyu bwana hakuacha kimoja. Alikuwa wakili, akawa hakimu, akawa karani wa mahakama ya juu ya Scotland miaka mingi, na katikati ya hayo yote akawa mshairi aliyesomwa kuliko karibu wenzake wote wa zama zake. Najua wengi mnamfahamu kwa riwaya, mimi leo riwaya nitazipita haraka, nataka tumwangalie yule mtu wa mahakamani mwenye mashairi mfukoni, na mkono wake wa kulia, manake maisha yake yote yamepita kwenye ule mkono.

Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1771 kwenye kichochoro kinaitwa College Wynd, Edinburgh ya zamani, nyumba zimebanana, hewa nzito, watoto wanakufa ovyo, wazazi wake walishazika watoto kadhaa kabla yake. Baba yake naye jina lake Walter Scott, mwanasheria wa ofisini, wa kuandaa hati na mikataba na mirathi, si wa kusimama kortini. Mtoto alipofika kama mwaka na nusu akashikwa na homa, ilipoisha mguu wa kulia haufanyi kazi. Leo tungesema polio. Akachechemea mpaka anakufa.

Wakampeleka shamba kwa babu yake, Sandyknowe, kusini kule karibu na mpaka wa Uingereza, akapate hewa. Na tiba waliyomfanyia naomba muione kwa macho: kila kondoo akichinjwa, ngozi inachunwa ikiwa bado na joto lake, mtoto anaviringishwa ndani yake, analazwa sakafuni, na wazee wanamwita huku na huku ili ajaribu kutambaa. Mguu haukupona. Ila pale shambani ndo alipopata elimu yake ya kwanza, shangazi yake Janet anamsomea tenzi za kale za vita mpaka anazikariri kabla hajajua kusoma, mchungaji anambeba mgongoni mpaka kilimani kwenye kondoo, na juu ya lile jabali kuna mnara mkongwe, Smailholm, ambao wazee walikuwa wakimwonyesha huku wanamsimulia visa vya majambazi wa mpakani, nani alimwibia nani ng'ombe, nani aliuawa kwenye kivuko gani. Kabla hajaingia shule yoyote kichwa kimeshajaa.

Sasa 1786 baba anamuingiza ofisini kwake kujifunza kazi, mkataba wa miaka 5, kijana ana miaka kama 14 hivi. Na kazi yenyewe ni kunakili. Hamna mashine, hamna fotokopi, kila hati inaandikwa kwa mkono, na kijana analipwa kwa ukurasa. Mwenyewe aliandika baadaye kwamba kuna siku alinakili kurasa kubwa 120 bila kusimama kula wala kupumzika. Fedha zile alizitumia kwenye vitabu vya kuazima na kwenda kuangalia michezo ya kuigiza. Nawaomba mzikumbuke hizo kurasa 120, nyie mnaolalamika kuandika muhtasari wa kesi, manake ndo ulikuwa mkono ule ule ulioandika mashairi, ulizoea kutochoka pale pale kwenye meza ya baba.

Majira hayo hayo ya baridi, 1786 kuingia 1787, Robert Burns amefika Edinburgh, mshairi mkulima, mji wote unamzungumzia. Siku moja wakakutana kwenye nyumba ya profesa Adam Ferguson, wasomi wamejaa, Scott ana miaka 15 amekaa kimya kama ilivyopasa mtoto mbele ya wakubwa. Ukutani kuna picha ya askari amekufa kwenye theluji, mbwa wake pembeni, mjane na mtoto upande wa pili, na chini yake mistari ya shairi. Burns akaitazama mpaka machozi yakamtoka, akauliza mistari hii ya nani. Wasomi wote kimya. Anayejua ni yule kijana mlemavu peke yake, akamnong'oneza rafiki, rafiki akapeleka jibu, Burns akamgeukia akamtazama na kumshukuru. Scott alikuja kusema macho ya Burns yalikuwa makubwa, meusi, yanawaka hasa, na kwamba hajaona macho ya namna hiyo kwa mtu mwingine yeyote. Hawakukutana tena kwa maana ya kukaa pamoja.

1792 akaapishwa kuwa wakili. Mwaka wa kwanza kazi yote ilimpa pauni 24 na ushee, yaani karibu na hakuna. Alikuwa anapewa kesi za watu wasio na kitu, pale Jedburgh kwenye vikao vya mahakama za mzunguko, na hapa kuna visa viwili ambavyo mkwe wake John Gibson Lockhart, aliyeandika maisha yake, ametuwekea. Cha kwanza, alimtetea jangili mzee na mwizi wa kondoo, akaachiwa huru. Scott akamwambia chini chini, wewe ni mhuni mwenye bahati. Yule mzee akajibu, hata mimi naona hivyo, na kesho nitakuletea sungura. Cha pili ni mvunja nyumba, ambaye hakuwa na senti ya kumlipa, akamwambia mheshimiwa mimi sina kitu ila nitakupa ushauri: usifuge mbwa mkubwa nje ya nyumba, mbwa mkubwa tunamnyamazisha, fuga kambwa kadogo ka kelele ndani, na usihangaike na makufuli mapya ya kisasa, tafuta kufuli kubwa zito la zamani lenye ufunguo wa kutu, hilo ndo linatusumbua. Scott alikipenda kisa hicho maisha yake yote, akakitungia mpaka ubeti wa kuchekesha.

Kwa nini navitaja? Kwa sababu ukisoma mashairi yake, wale watu wa mpakani wanaoiba ng'ombe usiku na wanaotunza neno lao asubuhi, wanaongea kama watu. Hawaongei kama vitabu. Alishakaa nao seli, alishawasikia wanavyojitetea, akajua mwizi naye ana heshima zake na hesabu zake. Huo ushairi hautoki maktaba peke yake.

Kuanzia mwaka ule ule wa 1792, miaka 7 mfululizo, mahakama zikifunga anapanda farasi anaenda bonde linaitwa Liddesdale, amefuatana na Robert Shortreed, aliyekuwa hakimu msaidizi wa Roxburghshire. Hakuna hoteli, hakuna barabara ya maana, wanalala kwa wakulima na wachungaji, wanakula wanachopewa, na kila jioni Scott anaomba nyimbo za kale, nani anakumbuka, bibi anakumbuka, haya muiteni bibi. Shortreed alisema miaka mingi baadaye kwamba Scott wakati ule wote alikuwa anajijenga tu, ila huenda mwenyewe hakujua anajenga nini. 1802 zikatoka juzuu mbili za mkusanyo, Minstrelsy of the Scottish Border, mwaka uliofuata ikaja ya tatu, na mchapaji wake ni James Ballantyne wa Kelso, rafiki wa utotoni. Jina la Ballantyne naomba mliweke kando tutalirudia.

Lakini kabla sijaondoka hapa lazima niseme habari ya mama mmoja, manake kwangu yeye ni mkubwa kuliko wasomi wote wa hadithi hii. Anaitwa Margaret Laidlaw, mama yake James Hogg yule mchunga kondoo aliyekuja kuwa mshairi mkubwa. Scott alifika nyumbani kwao bonde la Ettrick, mama akamwimbia utenzi mrefu wa kale kutoka kichwani mwanzo mpaka mwisho. Scott amefurahi, anamuuliza kama umeshawahi kuchapishwa. Mama akamjibu bila kumwogopa hakimu aliyekaa mbele yake: nyimbo zangu hazikuwahi kuchapishwa mpaka wewe ulipozichapisha, na umeziharibu kabisa, zilitungwa ziimbwe hazikutungwa zisomwe, sasa hakuna atakayeziimba tena, na ubaya zaidi hazikuandikwa sawasawa wala hazikupangwa sawasawa.

Mimi nimelifikiria jibu hilo sana. Mama alikuwa na haki. Scott alikuwa anachukua beti kutoka kwa mwimbaji huyu, beti kutoka kwa yule, anaziba pengo kwa mistari yake mwenyewe, anatoa wimbo mzuri kuliko alioupokea lakini si ule ule, na leo mkusanyaji akifanya hivyo tungemkatalia. Wakati huo huo zipo nyimbo ambazo bila yeye zingezikwa na wale mabibi. Nyie mnaozunguka na simu kurekodi wazee wetu, acheni sauti ya mzee ibaki kama ilivyo, na maneno yaandikeni kama alivyoyatamka, mapambo yenu wekeni kwenye kazi zenu.

Tuendelee. 1797 ameoa, Charlotte Charpentier, binti wa Kifaransa, siku moja kabla ya Krismasi, kanisani Carlisle. Kabla ya hapo alimpenda mno binti mwingine, Williamina Belsches, na yule binti akaolewa na kijana wa familia ya benki, William Forbes. Na jina hilo nalo liwekeni kando.

1799 anateuliwa kuwa sheriff wa Selkirkshire, kule kwao huyo ni hakimu wa wilaya, mshahara pauni 300 kwa mwaka. Cheo hicho alikaa nacho mpaka anakufa, miaka 33, na chumba cha mahakama alichokalia pale Selkirk kipo mpaka leo watu wanakitembelea. Kesi zenyewe ni ndogo ndogo, mipaka ya mashamba, uvuvi wa haramu mtoni, madeni ya dukani, ugomvi wa sokoni. 1806 akaongeza cheo cha pili, mmoja wa makarani wakuu wa Court of Session, mahakama ya juu ya madai pale Edinburgh. Kazi hiyo aliirithi kwa mzee George Home kwa makubaliano kwamba mzee aendelee kula mshahara na Scott afanye kazi, kwa hiyo alifanya bure mpaka 1812 ndo akaanza kulipwa. Anakaa mezani chini ya majaji, majaji wanaongea, yeye anaweka uamuzi kwenye maandishi yaliyonyooka kisheria, masaa 4 mpaka 6 kwa siku, karibu nusu mwaka mzima. Watu wanaoandika maisha yake wanaipita kazi hii harakaharaka kama jambo la kumpa posho, mimi sikubaliani nao hata kidogo. Fikiria mtu anasikiliza ugomvi wa familia za Scotland siku baada ya siku, mirathi, ndoa za siri, watoto waliokataliwa, mashamba yaliyopotea kwa karata, na kazi yake ni kuufupisha kila ugomvi uwe na mwanzo na mwisho, halafu jioni anakaa kutunga visa. Kazi ni ile ile, mchana mahakama ndo inamletea, usiku anajiletea mwenyewe.

Mashairi yenyewe sasa. 1805 The Lay of the Last Minstrel, nchi nzima ikashikwa. 1808 Marmion, na mchapishaji Archibald Constable alimpa gini 1,000 kabla hajaona shairi limekamilika, kitu ambacho watu wa vitabu walishangaa. 1810 The Lady of the Lake, na hili liliuzwa zaidi ya nakala 20,000 ndani ya mwaka ule, kwa shairi! Watu wakaanza kufunga safari kwenda ziwa Loch Katrine kuangalia zilipotokea habari ambazo zote ni za kutungwa, nyumba za wageni zikajaa.

Nawapa kipande kimoja muone wakili anavyoandika shairi. Kuna kiongozi wa ukoo wa milimani, Roderick Dhu, mwasi, anatafutwa na mfalme. Usiku anamkuta mgeni amepotea mlimani, amechoka, ana njaa, na mgeni anamwambia wazi kwamba anamchukia Roderick Dhu na watu wake, hajui kwamba anaongea naye mwenyewe. Roderick anamlisha, anampa nafasi kwenye moto na blanketi lake, asubuhi anamsindikiza. Njiani mgeni anasema ningetamani nikutane na huyo Roderick na jeshi lake. Roderick anapiga mluzi mmoja. Kila jiwe, kila kichaka cha kilima kinasimama na mtu mwenye silaha, mamia, ambao walikuwepo muda wote. Halafu anatikisa mkono na wote wanazama tena kwenye majani kama hawakuwepo. Anamwambia usiogope, nimekuahidi nitakufikisha salama kwenye kivuko cha Coilantogle, na mpaka pale wewe ni mgeni wangu. Wanafika kivukoni, anasema ahadi yangu imeisha hapa, sasa futa upanga. Wanapigana. Na yule mgeni ndo mfalme James wa Tano mwenyewe.

Angalieni mpaka wa ahadi ulivyochorwa. Si kwamba Roderick ni mwema, ni mkali na ana damu mikononi, lakini ahadi ina mwanzo na ina mwisho, na mwisho wake ni mahali panapojulikana, kivuko fulani, na kabla ya pale hakuna kuguswa. Mtu aliyenakili mikataba tangu ujanani ndo anaweza kuandika hivyo na damu ikakusisimka.

Shairi hilo lilisafiri. Ile Ave Maria ya Schubert mnayoisikia kwenye harusi kanisani, Schubert aliitunga 1825 kwa maneno ya wimbo wa Ellen ndani ya shairi hili yaliyotafsiriwa kwa Kijerumani. Wimbo anaopigiwa rais wa Marekani anapoingia ukumbini, Hail to the Chief, maneno yake ya asili ni ya wapiga makasia wa Roderick Dhu. Na hili la tatu ndo linanigusa zaidi: 1838 kijana mmoja Mwafrika ametoroka utumwani Maryland, amefika New Bedford, anahitaji jina jipya asikamatwe, amepokelewa na Nathan Johnson, mtu mweusi huru, ambaye siku hizo alikuwa anasoma The Lady of the Lake, akamwambia chukua jina la Douglas, yule mzee aliyefukuzwa kwao kwenye shairi. Akalichukua akaongeza s moja. Frederick Douglass. Ndugu zangu, Scott mwenyewe siasa zake zilikuwa za upande wa mabwana, nitalisema sasa hivi, lakini shairi likishatoka linaenda kwa anayelihitaji.

1812 akatokea mshairi mwingine, Byron, na shairi lake Childe Harold, soko la mashairi likahama. Scott alisema waziwazi kwamba Byron amemshinda, hakumchukia, 1815 walikutana London wakawa marafiki. 1813 alipewa nafasi ya kuwa mshairi rasmi wa mfalme akaikataa, akampendekeza Robert Southey ambaye alikuwa na shida ya fedha. Na 1814 akaanza riwaya bila kuweka jina. Kuna usiku mmoja wa Juni mwaka huo, Lockhart anasimulia, vijana wanaojiandaa kuwa mawakili wanakunywa divai kwenye nyumba ya mwenzao Menzies, Edinburgh, mwenyeji ghafla anaonekana hana raha, anaomba abadilishane kiti, anasema kuna mkono unaniudhi. Dirisha la nyumba ya Castle Street linaonekana kutokea pale, na ndani yake unaonekana mkono mmoja tu unaandika, ukurasa unaisha unatupwa kwenye rundo, unaanza mwingine, haupumziki, mishumaa inaletwa na bado. Mmoja akasema huyo atakuwa karani fulani mzito wa kunakili. Menzies akasema hapana, naujua huo mkono ni wa nani, ni wa Walter Scott. Walikuwa wanaangalia Waverley, riwaya yake ya kwanza, inaandikwa.

Karani wa kunakili, ndivyo walivyomdhania, na hawakuwa mbali.

Basi hela zikaja nyingi, na hapa mambo yanaharibika. 1811 alinunua shamba kando ya mto Tweed, akajenga Abbotsford, jumba kama ngome, ananunua kila kipande cha ardhi kinachopakana. 1820 akapewa cheo cha Sir. Na siri kubwa ni kwamba kile kiwanda cha uchapaji cha Ballantyne yeye ni mbia, tena tangu 1805, na watu hawajui. Karani wa mahakama mwenye hisa kwenye kampuni iliyokuwa inachapisha hata karatasi za kesi, hilo kwangu ni doa na sitalifunika. Fedha za kuendesha walikuwa wanapata kwa hati za ahadi, Ballantyne anamwandikia Constable, Constable anamwandikia Ballantyne, benki inatoa fedha kwa kuamini saini mbili. Ni kama wanakikundi wawili wa kikoba wanaodhaminiana kila mmoja mkopo wa mwenzake wakati wote wawili hawana akiba, mmoja akianguka wote wameanguka. Mwisho wa 1825 masoko ya London yakayumba, kampuni ya vitabu ya huko, Hurst, Robinson, ikafa, ikamvuta Constable, Constable akamvuta Ballantyne, na Januari 1826 Scott, umri miaka 54, anaamka anadaiwa karibu pauni 120,000.

Wanasheria nisikilizeni hapa. Sheria ilimruhusu kutangazwa mufilisi, mali igawanywe, anyooshe mgongo aanze upya. Jumba la Abbotsford mwanzoni mwa 1825 alishaliandikisha kwa mwanae mkubwa kwenye ndoa yake, kwa hiyo wadai wasingelipata kirahisi, na wapo waliotaka kupinga uandikishaji huo. Yeye akakataa ufilisi. Akaweka mali na kalamu yake chini ya wadhamini kwa niaba ya wadai, akasema mkono wangu huu wa kulia ndo utalipa. Nyumba ya Castle Street ikauzwa. Mei mwaka huo huo Charlotte akafa. Mahakama ikiwa kwenye vikao analala chumba cha kupanga, asubuhi anaenda kwenye meza yake ya ukarani kama kawaida kwa sababu ule mshahara ndo wa kula, jioni anaandika kwa ajili ya wadai. Riwaya ya Woodstock ikaleta zaidi ya pauni 8,000, maisha ya Napoleon juzuu 9 mwaka 1827 yakaleta 18,000, na ndani ya miaka miwili wadai wakapata karibu 40,000.

Hakuwa hana adui. 1827 mdai mmoja wa London alikataa mpango wa wadhamini, akataka Scott akamatwe na kufungwa kwa deni la kama pauni 2,000, ikafika mahali Scott anajiandaa kuhamia eneo la Holyrood, ambako sheria ya zamani ilimlinda mdaiwa asikamatwe. Ghafla yule mdai akanyamaza. Alilipwa kimyakimya, na aliyemlipa kutoka mfukoni mwake ni Sir William Forbes, yule yule wa benki, mume wa Williamina, ambaye mwenyewe alikuwa miongoni mwa wadai. Hakumwambia. Kwa maelezo ya Lockhart, Scott alikuja kujua Forbes ameshakufa.

Kuna jambo jingine la 1826 hiyo hiyo, manake watu wanadhani alikuwa analia tu. Serikali ya London ilitaka kuzuia noti ndogo za chini ya pauni 5, na Scotland ilikuwa inaishi kwa noti ya pauni moja. Scott, mtu aliyetoka kufilisishwa na karatasi, akaandika barua gazetini kwa jina la bandia Malachi Malagrowther, kali kwelikweli, serikali ikarudi nyuma. Ndo maana sura yake ipo kwenye noti za Bank of Scotland.

Siasa nilisema nitazisema. Alipinga upanuzi wa haki ya kupiga kura. 1831 alienda Jedburgh, mji ule ule alioanzia kutetea wezi, kusema kura zisipanuliwe, mafundi na wafumaji wakamzomea, wakampigia kelele auawe, naye tayari alishapata kiharusi. Alimjua mtu wa chini kuliko wanasiasa wengi, alimsikiliza, alimtetea, alimwandika akiwa na hadhi kamili, na bado hakutaka awe na kura. Hapo alikosea, na wafumaji wa Jedburgh walikuwa na haki ya kudai kura, ingawa si ya kumtakia kifo mzee mgonjwa.

Alistaafu ukarani mwisho wa 1830. Serikali ikampa manowari, Barham, ikampeleka Malta na Naples atafute afya, hakuipata. Akarudishwa Abbotsford Julai 1832. Siku moja akaomba awekwe kwenye meza yake ya kuandikia, binti akampa kalamu mkononi, vidole vikakataa kufunga, kalamu ikadondoka kwenye karatasi. Akalia. Akafa tarehe 21 Septemba 1832, akiwa na miaka 61, akazikwa Dryburgh karibu na Charlotte.

Deni lililobaki lilikuwa kama pauni 54,000. Bima ya maisha ikalipa 22,000, mchapishaji Robert Cadell akatanguliza 30,000 ili wadai wamalizwe mara moja, na deni la Cadell lenyewe likafutwa 1847 kwa haki za vitabu. Kwa hiyo ukiacha ile bima, deni lililipwa kwa sehemu kubwa na maandishi.

Mwenyewe aliwahi kuandika kwamba tangu mapema aliazimia fasihi iwe fimbo yake ya kutembelea isiwe gongo la kuegemea, na huyo ni mtu aliyetembea kwa fimbo maisha yake yote anajua tofauti. Mimi naona alianguka pale aliposahau hilo neno lake, alipoacha kutegemea mshahara wa mahakama akaanza kutegemea vitabu ambavyo hajaviandika bado. Wenzangu watabisha, na ningependa wabishe.

Anayetaka kumsoma aanze na The Lady of the Lake, ipo bure kwenye intaneti haki zake zilishaisha zamani, aruke utangulizi aende moja kwa moja kwenye windo la paa, na asome kwa sauti, manake Margaret Laidlaw alikuwa sahihi. Akimaliza asome daftari lake la kila siku alilolianza Novemba 1825, miezi miwili kabla ya kuanguka, pale mtamsikia anahesabu kurasa na pauni kwa wakati mmoja. Haya, nawaachia nafasi, wa sheria waanze, najua mna maswali kuhusu lile jumba aliloliandikisha kwa mwanae.